Chupa Tatu Ndani ya Katoni ya Tende: Mambo ya Kujua Kabla Hujasimama Mbele ya Afisa wa Forodha

Mimi sinywi pombe. Nalitanguliza neno hili si kwa kujisifu, bali kwa sababu mwaka jana nilisimama katika Uwanja wa Ndege wa Moi, pale Port Reitz, na kanzu yangu na kofia ya viua, huku chupa tatu za pombe kali zikitolewa moja moja kutoka katika katoni iliyoandikwa jina langu. Nyuma yangu lilikuwako kundi la watu wa Kisauni waliotoka Umra, na maji yao ya Zamzam. Wawili kati yao nawajua. Tunasalimiana misikitini.

Nilikuwa natoka Dubai. Nilikwenda kumwona dada yangu na kununua vitu vya harusi ya binti yangu. Siku moja kabla ya kuondoka, kijana mmoja wa mtaani kwetu Likoni, anayefanya kazi Deira, akaniletea katoni iliyofungwa kwa gundi ya karatasi pande zote. "Mjomba, ni tende na chokoleti za baba. Nakuomba tu umfikishie." Babake ni jirani yangu kwa miaka 20. Ningemwambiaje kijana kama huyu afungue mzigo wa babake niutazame? Niliona haya. Nikaichukua.

Pale forodhani, afisa alikuwa dada wa makamo ya miaka 30 hivi. Aliitazama picha kwenye mashine, akanitazama mimi, akauliza kwa adabu: "Ustadhi, humu mna nini?" Nikasema tende na chokoleti. "Umefunga mwenyewe?" Nikasema ndiyo.

Hapo ndipo nilipokosa. Sikusema uongo juu ya pombe, kwa sababu sikujua kama ipo. Nilisema uongo juu ya nani aliyefunga mzigo, kwa kuwa jibu hilo lilikuwa jepesi na nilikuwa nimechoka. Katoni ikafunguliwa. Juu kulikuwa na tende, kweli. Chini yake taulo, na ndani ya taulo chupa tatu za lita moja moja.

Msafiri mmoja nyuma yangu akaninong'oneza, "Mpe kitu kidogo mzee, yaishe." Yule dada hakumsikia, au alijifanya hakusikia. Akaniambia: "Nitakuuliza tena, na mara hii fikiri kabla ya kujibu. Nani alifunga mzigo huu?"

Nilimwambia ukweli wote, nikatia sahihi karatasi kwamba chupa naziacha, nikatoka na tende zangu. Ilichukua kama nusu saa. Lakini nusu saa ile nimeibeba mpaka leo, na ndiyo iliyonifanya nikae niisome sheria ambayo sisi watu wa Pwani, tunaosafiri Ghuba, Zanzibar na Ulaya kama tunaokwenda Kongowea, hatuijui vyema. Nimeona niiandike kwa faida ya wote: anayekunywa na asiyekunywa, anayesafiri na anayepokea wageni.

Sheria yenyewe ni ipi

Neno forodha ni letu la zamani. Forodhani ni mahali vyombo vilipoteremsha mali na mtoza ushuru akakaa akingoja, na ndiyo maana bustani ile ya Mji Mkongwe wa Unguja inaitwa hivyo mpaka leo. Mababu zetu waliokuja na majahazi wakati wa kaskazi walijua kwamba mali haishuki pwani kabla ya mwenye forodha kuiona. Kilichobadilika ni chombo tu.

Leo mwenye forodha nchini Kenya ni Mamlaka ya Ushuru, KRA, iliyoanzishwa mwaka 1995. Lakini sheria inayotumika kwa mizigo ya abiria si ya Kenya peke yake. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kwa hiyo viwango vya msingi utakavyokutana navyo Mombasa ni vya jumuiya nzima, na Dar es Salaam, Zanzibar na Entebbe wanasoma kitabu hichohicho.

Katika jedwali la tano la sheria hiyo ndimo ilimoandikwa ruhusa ya abiria. Kwa upande wa vileo, abiria anaruhusiwa bila kulipa ushuru pombe kali isiyozidi lita moja, au mvinyo usiozidi lita mbili. Tazama neno "au". Si lita moja ya hiki pamoja na lita mbili za kile. Ruhusa hii ni ya mtu aliyetimiza umri wa miaka 18, kwa hivyo baba aliyekuja na watoto wanne wadogo hawezi kusema kila mtoto ana chupa yake.

Kinachozidi hapo si haramu kwa serikali. Kinalipiwa. Watu wengi hudhani kwamba chupa ya pili ikionekana utafungwa. La. Ukiitaja mwenyewe, utahesabiwa ushuru, ulipe uende nayo, au uiache. Makosa huanza pale unapoificha, au unapoulizwa ukakana.

Si pombe tu: marashi, tumbaku na jora

Wale wanaosema "mimi sinywi, hayanihusu" wasome sehemu hii mara mbili, maana hapa ndipo tunaponaswa sisi.

Marashi na maji ya kunukia yote pamoja hayatakiwi kuzidi nusu lita, na ndani ya kiasi hicho marashi halisi yasizidi robo. Sasa fikiria mama anayetoka Dubai au Maskati na uturi wa bibi harusi, mafuta ya udi ya mashangazi sita na chupa za kupuliza za nusu mtaa. Nusu lita hupita upesi.

Tumbaku ya aina zote, sigara, sigara kubwa na ugoro, kwa jumla isizidi gramu 250. Hii nayo ni kwa aliyetimiza miaka 18.

Kisha kuna jambo ambalo sikulijua kabisa. Sheria inasema vitambaa vya jora, yaani kitambaa kizima ambacho hakijashonwa, havimo katika msamaha wa mizigo ya abiria. Nguo iliyoshonwa ambayo ni yako ya kuvaa ni mali binafsi. Jora la kushonea sare ya harusi ya watu 30 ni hesabu nyingine. Vivyo hivyo bidhaa yoyote ya kuuza au ya kumgawia mtu mwingine haimo katika msamaha, hata ikiwa ndogo kiasi gani. Simu kumi katika begi moja hazielezeki kuwa za matumizi ya nyumbani. Na kuhusu simu, tangu Januari 2025 KRA inataka abiria aziandike simu anazoingia nazo katika fomu ya abiria, ile F88, pamoja na nambari ya utambulisho ya IMEI.

Halafu kuna kikomo cha thamani ya vitu vyako binafsi kwa jumla. Kwa miaka mingi kilikuwa dola 500 za Kimarekani kwa mtu aliyekaa nje zaidi ya saa 24. Mtakumbuka zogo la Novemba 2023, KRA ilipowakumbusha wasafiri kiwango hicho, na watu wakalalamika mitandaoni juu ya mabegi kupekuliwa hata Waziri wa Utalii wa wakati huo, Alfred Mutua, akatoa sauti. Kikomo hiki hubadilishwa kwa tangazo katika Gazeti la Jumuiya, kwa hiyo kitazame katika tovuti ya KRA wiki unayosafiri. Usitegemee kumbukumbu ya shangazi aliyekwenda miaka mitano iliyopita.

Ukizidisha, hesabu huwa hivi. Tuseme kitu chako kilichozidi kina thamani ya shilingi 20,000. Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, yaani shilingi 5,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, hupigwa juu ya jumla ya 25,000, nayo ni shilingi 4,000. Hapo tayari ni 9,000 kabla ya tozo nyingine ndogo ndogo. Pombe na tumbaku zina ushuru wa bidhaa juu ya hayo yote, ndiyo maana chupa ya pili mara nyingi huishia kuwa ghali kuliko ya dukani Nyali. Weka risiti zako. Asiye na risiti hukadiriwa bei na afisa, na makadirio ya mtu mwingine hayajawahi kumpendeza mwenye mali.

Namna ya kusema na afisa

Afisa wa forodha si adui, na wala si jamaa wa kupigiana naye porojo. Ana kazi yake, na wewe una yako, ambayo ni kusema kweli kwa maneno machache. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, toa taarifa kabla ya kuulizwa. Jaza fomu kwa ukamilifu. Ukiwa na kitu unachokishuku, sema: "Nina chupa mbili, nataka kujua nalipa kiasi gani," au "Nina jora tatu za harusi." Mtu anayeanza yeye hushughulikiwa kama mlipa kodi. Mtu anayesubiri kugunduliwa hushughulikiwa kama mshukiwa.

Pili, jibu swali uliloulizwa. Tuna tabia sisi ya kuanza na historia. Ukiulizwa umefunga mwenyewe, jibu ni ndiyo au hapana. Usimweleze kwanza harusi ya nani na bibi harusi ni mtoto wa nani.

Tatu, usipandishe sauti. Hata ukionewa, sauti haikusaidii pale. Uliza jina la afisa, andika saa, na uombe kumwona mkubwa wa zamu. Hiyo ni haki yako na unaweza kuidai kwa upole.

Nne, kina mama mlijue hili. Sheria ya forodha inasema mwanamke hapekuliwi mwilini ila na mwanamke mwenzake. Tena mtu yeyote anayeambiwa atapekuliwa mwilini anaweza kudai apelekwe kwanza mbele ya hakimu au afisa wa ngazi ya juu, ambaye akiona hakuna sababu ya maana ataamuru asipekuliwe. Huna haja ya kulia wala kugombana. Sema tu: "Naomba afisa mwanamke," na "Naomba mkubwa wako."

Tano, ukitozwa na huridhiki, lipa au uache mali kwa karatasi, kisha kata rufaa. Una siku 30 za kumwandikia Kamishna kuomba uamuzi utazamwe upya, na usiporidhika bado lipo Baraza la Rufaa za Kodi. Lakini rufaa haina miguu bila karatasi. Risiti, nakala ya fomu, picha ya mzigo: haya ndiyo ushahidi wako.

Na ukweli una bei yake, ila uongo una bei kubwa zaidi. Kutoa maelezo ya uongo kwa forodha ni kosa ambalo mahakama inaweza kukuhukumu kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Sheria pia inampa Kamishna uwezo wa kulimaliza jambo nje ya mahakama ikiwa mwenye kosa atakiri kwa maandishi na kuomba hivyo. Mimi nilipopasoma pale nilinyamaza kwa muda. "Ndiyo" yangu moja ya uchovu ilikuwa na uzito huo.

"Mpe kitu kidogo"

Turudi kwa yule msafiri aliyeninong'oneza. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tunachosema wote, kwenye barabara, kwenye ofisi, kila mahali. Lakini fikirini. Kabla ya neno lile nilikuwa mtu mwenye chupa tatu asizozijua. Baada ya kutoa noti ningekuwa mhongaji. Chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea wote wana kosa, na kosa hilo ni zito kuliko la chupa mbili zilizozidi.

Kuna jingine. Mtu anayetoa hongo hapewi risiti. Akishika njia ya Changamwe akasimamishwa tena, hana cha kuonyesha. Malipo halali hupitia kwa nambari ya malipo inayotolewa na mfumo, benki au kwa simu, na karatasi unabaki nayo. Ukiambiwa ulipe mkononi, jibu ni moja tu: "Nitalipa, naomba nambari ya malipo na risiti." Sentensi hiyo haimtukani mtu, na humaliza mazungumzo mengi.

Mzigo wa kutumwa

Hili ndilo jambo lililonifanya niandike. Utamaduni wetu wa kupelekeana vitu ni mzuri. Kabla ya benki na posta kufika mitaani, pesa, dawa na barua zilitembea kwa mikono ya waungwana. Nani leo atakataa kumpelekea mama dawa za mwanawe? Lakini uwanja wa ndege haujui ujirani. Begi lenye kibandiko cha jina lako ni lako, na kilichomo ndani ni chako mpaka uthibitishe vingine.

Tangu siku ile nimejiwekea masharti, na nayasema bila haya. Sichukui mzigo uliofungwa. Anayetaka nimbebee aulete wazi, tuufunge pamoja mbele yangu, na nipige picha ya kila kilichomo. Aniandikie ujumbe wa simu unaosema ni nini na ni cha nani. Asiyekubali masharti hayo hana kosa, atafute njia nyingine, ziko kampuni za mizigo. Atakayenuna, anune. Haya ya dakika moja mlangoni ni ndogo kuliko haya ya nusu saa mbele ya watu wa Umra.

Na ukikuta forodhani kumbe kuna kitu usichokijua, usijaribu kukihifadhi kwa ajili ya mwenyewe. Sema palepale: mzigo huu nilipewa na fulani, sikuufunga mimi.

Ukielekea Ghuba

Kurudi na chupa Mombasa ni jambo la ushuru. Kuingia nayo nchi nyingine laweza kuwa jambo la jela. Vijana wetu wengi, wake kwa waume, wanakwenda Saudi Arabia, Qatar, Imarati na Oman kwa kazi, na wengine hupewa mizigo Likoni na Bangladesh usiku wa safari. Wajue haya.

Saudi Arabia imepiga marufuku pombe tangu mwaka 1952. Habari za duka lililofunguliwa Riyadh mwanzoni mwa 2024 zilihusu mabalozi wasio Waislamu, hazikumhusu msafiri. Kuwait nayo hairuhusu. Qatar hairuhusu msafiri kuingiza pombe, hata aliyoinunua kwenye duka la uwanja wa ndege alikotoka. Dubai humruhusu mtu mzima asiye Mwislamu kuingia na lita nne, lakini Sharjah, mwendo mfupi tu kwa gari, pombe hairuhusiwi. Oman humruhusu asiye Mwislamu kiasi kidogo.

Na si chupa tu. Miraa, ambayo huku huuzwa barabarani, ni dawa ya kulevya huko, na Uingereza pia iliipiga marufuku Juni 2014. Dawa za maumivu kama tramadol na zile zenye kodeini zinadhibitiwa vikali. Usizibebe bila cheti cha daktari na kibali kinachotakiwa. Hata kungumanga, ambayo kila nyumba ya Pwani inayo kwenye kisaga chake cha viungo, Saudi Arabia hairuhusu kuingizwa ikiwa peke yake. Nasema hivi kwa sababu biashara ya dawa za kulevya kule ina adhabu ya kifo, na mahakama haiulizi kama ulimwonea haya jirani.

Kuhusu ndege zenyewe: kwenye begi la mkononi majimaji hayazidi mililita 100 kwa chupa, kanuni iliyoanza mwaka 2006. Kwenye begi la chini, pombe ya nguvu kati ya asilimia 24 na 70 haizidi lita tano kwa abiria, na ya zaidi ya asilimia 70 hairuhusiwi kabisa.

Kwa madereva na wafanyakazi wa hoteli

Wenzetu wanaopokea watalii Port Reitz na kuwapeleka Diani, kwa feri au kwa Dongo Kundu, huulizwa maswali haya kila siku. Mwambieni mgeni: lita moja ya pombe kali, au lita mbili za mvinyo, kwa kila mtu mzima. Mkumbusheni pia mfuko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na ule mfuko wa duka la uwanja wa ndege uliofungia chupa huachwa palepale kabla ya kutoka. Wengi huja na chupa iliyo halali ndani ya mfuko usio halali.

Msikubali kubebeshwa chupa ya mgeni wa pili ili "kugawana hesabu." Ruhusa ni ya abiria aliyesafiri na mzigo wake. Na msichukue zawadi ya chupa kwa nia ya kwenda kuiuza. Pombe inayouzwa Kenya sharti iwe na stempu ya ushuru ya KRA, na chupa ya abiria haina. Mwenye baa atakayeipokea, na wewe uliyemletea, nyote mtakuwa na kesi.

Wanaopita Lunga Lunga wakitoka Tanga nao wakumbuke kwamba jumuiya moja haina maana ya kutokuwa na forodha. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya huingia kwa nafuu, na mfanyabiashara mdogo mwenye mali isiyozidi dola 2,000 anaweza kupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa mpakani. Akiomba, atapata. Akipita vichochoroni usiku, amejinyima haki yake mwenyewe.

Yule kijana

Nilimpigia simu jioni ileile. Mwanzo alikana, kisha akalia. Chupa hazikuwa za babake. Kulikuwa na mtu wa Mtwapa aliyeahidi kumlipa kwa kila chupa itakayofika, na tende za babake zilikuwa kifuniko. Mimi, mtu wa kanzu na ndevu, nilikuwa kifuniko cha pili. Katika dini yetu, mbebaji wa pombe hatengwi na mnywaji, na kijana yule aliyasoma hayo madrasa moja na wanangu. Lakini sikumhubiria. Nilimwuliza swali moja tu: kama yule dada angeandika kesi, binti yangu angeolewa siku ile babake akiwa wapi?

Babake alikuja nyumbani kesho yake kuchukua tende. Akaniuliza, "Mwanangu hakunipa kitu kingine?" Nikamwambia, "Amekupa salamu nyingi." Sijui mpaka leo kama nilifanya vyema. Nilikuwa nimetoka kujifunza kwamba jibu jepesi ni la hatari, na siku ya pili nikatoa jingine. Tofauti ni kwamba la pili halikuwa langu kulisema. Nilimpa kijana mwezi mmoja amwambie babake mwenyewe, la sivyo ningesema mimi. Alimwambia katika wiki ya tatu. Mzee alikuja, akakaa barazani, akanywa kahawa vikombe viwili bila neno. Kisha akaniambia, "Jirani, siku nyingine fungua."

Nami nawaambia hivyohivyo, ndugu zangu. Fungueni mzigo kabla hamjaubeba.